Dola 18 Lexington, dola 21 Portland: hesabu ya mshahara wa ndugu walioko Marekani

Baraka, Mboko, Kazimia ao Fizi-centre, jamaa nyingi leo zina mtu Marekani. Simu ikilia, baada ya salamu na habari za watoto, swali linafika haraka: umeshapata kazi? Wanakulipa ngapi? Ndugu akijibu kwamba anapata dola 18 kwa saa, hesabu inaanza palepale barazani. Mmoja anazidisha 18 kwa saa 12, anazidisha tena kwa siku 30, anapita dola 6,000 kwa mwezi. Kisha mwezi unaisha, na feza inayofika kwenye simu ni dola 50 ao 100.

Hapo manung'uniko yanaanza. Wengine wanasema mtoto amesahau nyumbani. Wengine wanamlinganisha na binamu yake aliye mji mwingine: yule analipwa dola 21 kwa saa, kwa hiyo yeye ndiye tajiri, yeye ndiye wa kuombwa kwanza. Lakini bei ya saa moja ya kazi haielezi feza inayobaki mkononi. Ili kuona hilo, tuchukue miji miwili ambako Wakongomani wengi wanaishi, Lexington na Portland, na kufuata dola tangu inapolipwa mpaka inapotumwa.

Namna watu wa Fizi walivyofika huko

Vita ya mwaka 1996 ilivusha maelfu ya watu wa Fizi kwenye ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti, wakaingia mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo. Wengi walizaa na kulea watoto mule kambini. Kuanzia miaka ya 2010, Marekani ilipokea Wakongomani wengi kutoka Nyarugusu na kambi za nchi zingine za jirani. Katika mwaka wa hesabu wa 2023 walipokelewa zaidi ya 18,000, na mwaka wa 2024 karibu 20,000.

Lexington ni mji wa jimbo la Kentucky, katikati ya nchi, mbali na bahari. Kiswahili kinasikika shuleni, kanisani na viwandani, na shirika la Kentucky Refugee Ministries ni kati ya yale yanayopokea wakimbizi huko. Kazi nyingi ni za maghala, viwanda, usafi wa hospitali na mashamba ya farasi. Kiwanda kikubwa cha Toyota kiko Georgetown, mji wa jirani.

Portland ni mji wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa, kwenye bahari ya Atlantiki. Wakongomani wengi wa huko hawakupitia kambi. Walifika wenyewe na kuomba hifadhi. Mwezi wa sita 2019, mji huo ulifungua jumba la michezo la Expo kuwalaza zaidi ya watu 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Maine ndilo jimbo lenye wazee wengi zaidi Marekani ukilinganisha na idadi ya watu wake, kwa hiyo kazi ya kutunza wazee haikosi. Kuna pia hoteli, hospitali na viwanda vya samaki na chakula.

Mshahara: bei ya saa na idadi ya saa

Serikali kuu ya Marekani imeweka mshahara wa chini wa dola 7.25 kwa saa, na haujabadilika tangu mwezi wa saba 2009. Kentucky inafuata kiwango hicho. Maine ina kiwango chake: mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65, na mji wa Portland wenyewe ulikuwa kwenye dola 15.50. Mtu akisoma tarakimu hizi tu, atasema Portland ni mara mbili ya Lexington. Sivyo ilivyo. Kampuni za Kentucky zinatafuta wafanyakazi, na maghala mengi yanalipa juu sana ya 7.25.

Kwa hesabu ya mfano, tuweke dola 18 kwa saa Lexington na dola 21 Portland. Wiki ya kawaida ya kazi ni saa 40, siyo 84. Kwa mwaka mzima ukigawa kwa miezi 12, wa Lexington analipwa dola 3,120 kwa mwezi kabla ya makato. Wa Portland, dola 3,640. Tofauti ni dola 520 kila mwezi.

Saa zinazopita 40 katika wiki, kwa kazi nyingi za namna hii, zinalipwa mara moja na nusu kwa sheria. Wa Lexington atapata dola 27 kwa kila saa ya ziada. Feza nyingi zinazofika Baraka zinatoka kwenye saa hizo za ziada, zinazofanywa usiku ao Jumamosi. Kampuni ikipunguza saa, feza ya nyumbani ndiyo inakatika kwanza.

Kodi: inakatwa kabla mtu hajaiona

Anayefanya kazi hapa kwetu katika shirika ao kampuni anajua IPR na CNSS. Marekani pia kodi inakatwa kwenye mshahara wenyewe, lakini tabaka ni nyingi zaidi. Tuchukue kijana asiye na mke wala mtoto, kwa viwango vya mwaka 2025.

Tabaka ya kwanza ni michango ya uzeeni na ya matibabu ya wazee: asilimia 7.65 ya mshahara wote, miji yote miwili. Lexington ni kama dola 240 kwa mwezi, Portland 280.

Tabaka ya pili ni kodi ya serikali kuu. Dola 15,750 za kwanza za mwaka haziguswi kwa mtu asiye na ndoa. Zinazofuata zinalipa asilimia 10, kisha 12. Lexington inafika kama dola 200 kwa mwezi, Portland 260.

Tabaka ya tatu ni kodi ya jimbo. Kentucky ilikuwa inakata asilimia 4 kwa wote, na imeshuka mpaka 3.5 kuanzia Januari 2026. Maine inaanzia asilimia 5.8, lakini inaacha feza nyingi zaidi bila kuigusa. Kwa mishahara ya mfano wetu, majimbo yote mawili yanafika karibu dola 115 kwa mwezi. Anayeangalia asilimia peke yake anadanganyika.

Tabaka ya nne ndiyo inawashangaza wageni. Lexington ina kodi ya mji kwenye mshahara, asilimia 2.25, na wakaaji wanaongeza asilimia nusu kwa ajili ya shule. Jumla ni kama dola 85 kwa mwezi. Portland haina kodi hiyo, ila tangu Januari 2025 jimbo la Maine linachukua mchango wa likizo ya uzazi na ya ugonjwa. Sehemu ya mfanyakazi ni asilimia nusu, karibu dola 20.

Baada ya tabaka zote, wa Lexington anabaki na dola 2,480 na wa Portland na dola 2,965. Zile 520 za tofauti zimekuwa 485.

Nyumba, baridi na gari

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Nyumba ya vyumba viwili Lexington inazunguka dola 1,200 mpaka 1,400 kwa mwezi. Portland, bei ya nyumba kama hiyo inapita 2,000. Mji umebanwa na bahari, watalii wanakuja, na watu wengi walihamia huko baada ya ugonjwa wa korona. Tuseme 1,300 Lexington na 2,100 Portland, na kijana wetu anagawana nyumba na mwenzake. Mmoja analipa 650, mwingine 1,050. Dola 400 zimekwisha kwa mlango tu.

Kisha baridi. Maine ni kati ya majimbo ya baridi kali, na nyumba nyingi zinapashwa moto kwa mafuta yanayoletwa na kamyo na kumiminwa ndani ya tanki. Mwenye nyumba akiingiza moto ndani ya bei ya nyumba, mpangaji anapumua. Asipoingiza, mwezi wa kwanza na wa pili inauma. Kentucky nayo ina baridi, lakini fupi na nyepesi zaidi.

Gari inavuta upande mwingine. Lexington ina mabasi ya Lextran, lakini anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala nje ya mji hawezi kuyategemea. Gari huko ni kama viatu. Bima ya gari ya Kentucky ni ya bei kali, ya Maine ni kati ya bei za chini kabisa nchini. Kwa hiyo Portland inarudisha kidogo kile ilichochukua kwenye nyumba.

Kuna pia deni ambalo wengi nyumbani hawalijui. Mkimbizi aliyepelekwa kwa mpango wa serikali anasafiri kwa tikiti ya mkopo kupitia shirika la IOM. Hauna riba, lakini unaanza kulipwa miezi sita baada ya kufika. Jamaa ya watu wanane ina tikiti nane za kulipa.

Hii ndiyo hesabu ya mfano ya mwezi mmoja kwa kijana anayegawana nyumba, kwa dola. Mtu na mtu watatofautiana.

Lexington:
- Nyumba 650
- Umeme, maji, moto na intaneti 110
- Chakula 350
- Gari: bima, mafuta, matengenezo 450
- Simu 40
- Bima ya afya kupitia kazi 120
- Deni la ndege 50
- Jumla 1,770. Inabaki 710.

Portland:
- Nyumba 1,050
- Umeme, maji, moto na intaneti 190
- Chakula 380
- Gari 380
- Simu 40
- Bima ya afya kupitia kazi 120
- Deni la ndege 50 (kwa aliyeletwa na mpango wa wakimbizi)
- Jumla 2,210. Inabaki 755.

Dola 520 za tofauti ya mshahara zimekuwa dola 45. Na katika zile 710 ao 755 bado hakuna nguo za baridi, dawa, matoleo ya kanisa, mchango wa matanga, wala gari kuharibika njiani.

Kwa baba mwenye watoto, mizani inageuka

Sasa tuweke baba mwenye mke na watoto watatu. Yeye peke yake anafanya kazi, kwa sababu mama anabaki na mtoto mdogo. Kumweka mtoto kwa walezi wa kulipwa kunaweza kumaliza karibu mshahara wote wa mama.

Kodi ya serikali kuu inakuwa sifuri. Kwa viwango vya mwaka 2025, kwa watu wa ndoa wanaotangaza kodi pamoja, dola 31,500 za kwanza hazikuguswa, na kila mtoto anayetimiza masharti anapunguza kodi mpaka dola 2,200. Baba wa Lexington anabaki na kama dola 2,680 kwa mwezi. Wa Portland, kama 3,325. Lakini safari hii nyumba haigawanwi na mtu. Hata wakijibana katika vyumba viwili, wa Lexington akitoa 1,300 anabaki na 1,380. Wa Portland akitoa 2,100 anabaki na 1,225.

Yule wa dola 18 ameshampita yule wa dola 21. Wakitafuta vyumba vitatu, umbali unazidi. Ndiyo sababu jamaa zenye watoto wengi zinahama kutoka miji ya bahari kwenda Kentucky, Ohio ao Iowa. Nyumbani wanaosikia kwamba mtoto ameacha kazi ya mshahara mkubwa wanafikiri amepotea akili, kumbe amefuata nyumba.

Jamaa yenye mshahara mdogo na watoto inaweza kupata jambo lingine: feza inayorudishwa baada ya kutangaza kodi, mara moja kwa mwaka. Kwa wenye mshahara mdogo wanaopata ile nyongeza ya wafanyakazi, sheria inazuia malipo mpaka katikati ya mwezi wa pili. Kwa hiyo ndugu akisema «ngojeni mwezi wa tatu nitanunua mabati», mara nyingi hasemi uongo. Ila feza hiyo inakuja mara moja tu. Ikiliwa yote mwezi wa tatu, mwezi wa sita hakuna nyingine.

Kuwa na karatasi gani

Miji hii inatofautiana pia kwa karatasi za watu. Mkimbizi aliyeletwa kwa mpango ana ruhusa ya kazi tangu anapofika. Anayeomba hifadhi, kama wengi wa Portland, anangoja siku 150 tangu aweke ombi lake ndipo aweze kuomba kibali cha kazi, na hapati kibali hicho kabla ya siku 180. Miezi sita bila mshahara. Kumwomba ada ya shule katika kipindi hicho ni kumsukuma kwenye kazi ya kificho, ambayo inaweza kuharibu kesi yake.

Kwa walioletwa kama wakimbizi nako mambo yamekaza. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliondoa msaada wa chakula kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata karatasi ya ukaaji wa kudumu, ile wanayoita kadi ya kijani. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja. Kabla ya hapo, ile sehemu ya chakula kwenye hesabu yetu inatoka mfukoni mwake yote.

Na mlango wenyewe umebanwa. Tarehe 20 Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kwa mwaka wa hesabu wa 2026 iliweka mwisho wa watu 7,500, na kipaumbele kikaenda kwa wazungu wa Afrika Kusini. Jamaa zilizobaki Nyarugusu zikingoja kuitwa hazina tarehe. Mtu anayekuja Fizi na kudai feza ili «aingize jina kwenye listi ya Marekani» ni wa kukwepa. Kupewa makao mapya kupitia HCR hakulipiwi hata franga moja.

Safari ya dola kutoka kule mpaka Baraka

Tangu tarehe 1 Januari 2026, Marekani inakata asilimia 1 kwenye feza inayotumwa nje ikiwa mtumaji analipa kwa feza taslimu mkononi. Kwa dola 200 ni dola 2. Akilipa kutoka kwenye akaunti ya benki ao kwa kadi ya benki ya Marekani, kodi hiyo haimgusi. Hili ni jambo la kumwambia ndugu anayezoea kwenda dukani na noti. Baada ya hapo kuna makato ya kampuni inayotuma, tofauti ya kubadilisha feza, na makato ya kutoa kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kutuma mara moja dola 100 mara nyingi kunakula kidogo kuliko kutuma dola 25 mara nne.

Maswali yanayosaidia zaidi ya «unapata ngapi?»

Jamaa inayotaka kupanga ada ya shule, matibabu ao ujenzi kwa msaada wa mtu wa nje inaweza kuuliza haya kwa upole:

- Nyumba unalipa ngapi, na mnagawana na nani?
- Wiki hii wamekupa saa ngapi? Saa za ziada zipo?
- Deni la ndege limebaki kiasi gani?
- Karatasi zako zimefika wapi?
- Mwezi gani unaweza kutuma bila kukopa, na mwezi gani tusikuombe?

Kijana wa Lexington katika mfano wetu, baada ya kodi, anafanya kazi karibu saa saba ili apate dola 100 mkononi. Ni karibu siku nzima amesimama kwenye ghala. Na katika kile kinachombakia mwezi mzima, dola 100 hizo ni sehemu moja kati ya saba. Kama wanaomwomba ni saba, na huko Fizi kuwa na watu saba wa kukuomba si jambo la ajabu, kila mmoja akipewa 100 mwezi umekwisha. Yeye mwenyewe atabaki na dola 10.